Kamba ya Bibi Loyi

Maisha yake yote Bibi Loyi wa Kyarumba alibeba mizigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Alizoea kusema, mwanamke aliyetundika kamba anangoja kaburi.

Mwaka 1973 aliteleza kidogo tu, akavunjika kifundo cha mkono. Mfupa ukaungwa, ukapona. Mwanawe Kezironi akachinja kuku, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kwa nini kuteleza kudogo kulivunja mfupa. Kosa kubwa lilikuwa hilo, na hata mimi ninayesimulia bado linanikasirisha.

Mwaka uliofuata alijikwaa kizingitini, mgongoni kuni. Nyonga ikavunjika. Alilala hospitali miezi mitatu, mguu ukivutwa kwa mawe yaliyoning'inizwa ili mfupa unyooke. Alirudi akichechemea.

Mke wa Kezironi, Mbambu, akamlaza chumba cha ndani chenye giza, mifupa ipumzike. Bibi akazidi kudhoofika.

“Mbambu, tundika ile kamba,” alisema siku moja. “Mimi sasa iko nangoja tu.”

Mbambu alilia kwa sauti. Jirani yao Sophie, mkimbizi kutoka Butembo aliyewahi kuuguza wagonjwa kwa masista, akaja mbio.

“Juu ya nini munamuficha mu giza?”

“Asivunjike tena.”

“Kulala kunamaliza mifupa, dada! Ya huyu mama ilishaisha nguvu ndani, sawa muti yenye muchwa ilikula. Ule mukono ulikuwa unawaambia. Mumutoshe inje, ku jua. Atembee kidogo kila siku, mutu amushike. Mumupe maziwa, mboga ya dodo, samaki kidogo na mifupa yake. Kizingiti mutoshe. Na muzigo, hapana tena!”

“Mguu itarudi kama zamani?” Kezironi aliuliza.

Sophie alitazama chini. “Hapana. Tuchunge mifupa yenye imebaki.”

Kezironi aliinama, akalia kama mtoto. Kisha akaking'oa kizingiti. Ile kamba akaiunga na nyingine, akaikaza kwenye nguzo za ukuta, kutoka kitandani hadi mlangoni. Bibi akaishika. Siku ya kwanza alipiga hatua nne, akilia kwa maumivu.

Sasa mwaka umepita na hajavunjika tena. Bado anachechemea, na shambani hataenda kamwe. Lakini kila asubuhi anaifuata kamba yake mpaka juani.

Juzi akiwa pale mlangoni alisikia kwamba Feresita, rika lake, ameteleza na kuvunjika kifundo cha mkono. Watu walikuwa wakisema ni kitu kidogo.

“Kezironi, kimbia!” Bibi alipiga kelele. “Ambia watoto yake wamupeleke hospitali leo. Wasingoje nyonga ivunjike, kama sisi!”