Ziwa kwa Sauti ya Badru

Siku ya gulio, soko la Kasulu halimwachi mtu apite bila kukanyagwa. Shadia Hilali alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka la mama yake, kavaa dera la zambarau na ushungi mweupe, akikunja vitenge vilivyovurugwa na wateja wasionunua. Akasikia sauti juu ya kichwa chake.

"Mwakeye, dada. Naomba kitenge cha bibi yangu. Kiwe cha heshima, lakini kisimzeeshe."

Kitenge kikamponyoka mikononi. Sauti ile aliijua. Kila asubuhi akichemsha chai, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtangazia misiba ya Kibondo, mbuzi waliopotea Mabamba na bei ya maharage. Hakuwahi kuwaza kwamba ina miguu na inaweza kuja dukani.

"Wewe ni Badru wa redioni."

"Nani amekwambia?"

"Mbuzi wako waliopotea."

Badru akacheka. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi jekundu la safari. "Basi umenifaidi sana. Kila siku unanisikia, na mimi sauti yako ndiyo kwanza leo."

"Nunua kitenge, kaka."

"Nitanunua. Ila nichagulie taratibu. Basi la Kibondo halijajaa."

Akachaguliwa taratibu kweli. Basi likajaa, likaondoka, likamwacha, wala hakuonekana kulisikitikia.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Badru akimaliza kipindi anapiga, Shadia anapokea huku amejibanza nyuma ya marobota ya vitenge, na maneno waliyosemeshana huko nyuma mengine ni ya kuachiwa wenyewe. "Laazizi, umekula?" "Nimekula, ila sijashiba wewe." Mambo ya namna hiyo, ambayo kila mtu huyaona ya kipuuzi mpaka aambiwe yeye. Baadaye redio ikamhamishia Badru Kigoma mjini, na wimbo wake ukawa mmoja: Shadia lazima alione ziwa.

"Miaka sita mmetoka Tanga mkaja Kasulu, na ziwa hamjaliona?"

"Mama anasema ziwa si bahari, ni maji yaliyokosa njia."

"Njoo nikutembeze mji wote kwa gari. Milima yake ukipanda unaliona ziwa, ukishuka unaliona, ukikata kona linakuchungulia."

"Nikae gari moja na mwanaume asiye mume wangu? Unamjua mama yangu, Bi Mwanaamina, wewe?"

Badru akafikiri kidogo. "Basi nitakutembeza bila kuwemo. Utaendesha mwenyewe na mimi nitakuwa kwenye simu yako."

Akazunguka mji siku nzima akirekodi. Kila mahali alipopapenda alisimama, akasema yake, akamtumia. Alimpa sharti moja tu: asifungue ujumbe kabla hajafika mahali pake. Shadia, ambaye leseni yake ilikuwa bado inanukia upya, aliapa kungoja.

Kabla ya safari hiyo ndipo shari ilipoingia. Badru alikuja Kasulu, na Shadia akaona hiyo ndiyo siku ya kumwonyesha mama yake kijana mwenyewe. Wakatoka dukani wawili, Bi Mwanaamina ndani ya buibui lake jipya, ananukia udi, amejiandaa kusalimiwa. Badru akatokea upande wa wauza maharage. Alimwona Shadia, akatabasamu. Kisha akamwona mama. Palepale akatoka njiani, akajitupa nyuma ya magunia, akawapa mgongo, kofia ameivuta usoni, akasimama hivyo mpaka walipopita.

"Ndiye huyo?" Bi Mwanaamina aliuliza.

Shadia aliitikia kwa kichwa.

"Kwetu anayetaka mtoto wa watu huja akashika mkono wa mama, akasema shikamoo. Huyu amenikimbia mimi kama paka aliyedokoa samaki. Huyo anakuonea haya, mwanangu. Ana mke mahali."

Maneno hayo yalimwingia Shadia kama mwiba. Akamwandikia Badru: *Kama unaona haya kuonekana nami, kaoe usiyemwonea haya.* Kisha akaifunga namba yake isiweze kumpata tena. Hakuuliza wala hakungoja jibu. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa na hasira?

Haukupita muda, binamu ya Bi Mwanaamina wa Ujiji akapeleka neno: anamposea Shadia mwanawe, Saady. Kijana mzuri, ana duka, haongei sana. Shadia aliulizwa akiwa anafua. "Fanyeni mnavyotaka," alisema, akaendelea kukamua nguo. Baba mtu akamwachia mkewe jambo hilo, na Bi Mwanaamina akapanga kwenda Ujiji Jumamosi kupeleka jibu mwenyewe, na jibu lilikuwa ndiyo.

Ndivyo walivyojikuta ndani ya Noah ya duka, mama na mwana, wanaiacha Kasulu asubuhi na ukungu bado umelalia migomba. Shadia aliendesha bila kusema. Alijihisi kama anajipeleka mwenyewe kuuzwa, na usukani anaushika yeye.

"Njia ya huko mjini unaijua?" mama akauliza.

"Siijui."

"Si yule mtangazaji alikurekodia? Washa."

"Mama."

"Washa. Mtu ana kosa, sauti haina. Mimi nilikuwa nikimsikiliza kabla yako."

Shadia akaunganisha simu na redio ya gari. Sauti ikajaa garini, ya taratibu, ya mtu ambaye bado alikuwa anapendwa alipokuwa akisema.

"Shadia, karibu. Teremsha kioo kidogo. Baridi hiyo ya milimani iage, huko chini hutaikuta. Kabla hujafika Mwandiga kuna mahali pana vibanda vya ndizi mbivu. Egesha, nunua, halafu zunguka nyuma ya vibanda. Sisemi utaona nini."

Waliegesha. Wakanunua ndizi kwa mama mmoja mnene mchangamfu, wakazunguka nyuma. Na huko mbali, chini ya milima iliyopangana, palikuwa na ukanda wa fedha ambao haukuwa na mwisho wala upande. Hewa ilikuwa imetulia kiasi kwamba Shadia hakujua kama anaangalia maji au mbingu. Alitamani kulia, na hakujua analilia nini kwanza.

"Ni kubwa," mama yake alisema.

"Ni ziwa tu, mama."

Wakarudi kwa muuza ndizi kuchukua chenji. Wakati huo mwanaume mmoja alikuwa anapandisha baiskeli yenye magunia ya mkaa. Kumwona tu muuza ndizi, akaibwaga baiskeli, akaruka mtaro, akasimama majanini amewapa mgongo na kofia ameishusha usoni. Muuza ndizi naye akageuza uso pembeni na kujifunika kwa kitenge.

Bi Mwanaamina akaweka ndizi chini. "Huyo amekuibia?"

"Nani, yule? Oya, hapana, mama. Ni umukwe wanje. Amemuoa mwanangu wa kwanza."

"Sasa mbona anakukimbia?"

"Hakimbii, ananipa heshima." Muuza ndizi alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Ninyi si wa huku. Sie Waha, mwanaume akishatia nia kwa binti, hamkazii macho mama wa binti. Anampisha njia. Huyu alianza kunipisha hata posa hajaleta, ndipo nikajua mwanangu amepata mtu. Angekuja kunishika mkono ningemfukuza."

Yule mwanaume alingoja mpaka mkwewe aliposogea nyuma ya kibanda, akainua baiskeli yake, akaenda zake.

Shadia alirudi garini, akashindwa mara mbili kuingiza ufunguo. Mama yake alikula ndizi polepole sana, macho mbele, akaimaliza, akalishika ganda mkononi kama hajui pa kulitupa.

"Washa inayofuata," alisema.

Kuanzia hapo safari ikawa kama ya usingizini. Sauti ya Badru ikawapitisha mtaa wa Mwanga, kwenye kelele za soko na muziki wa maduka, ikawaambia wasiharakishe, watazame nyumba zilivyopanda mlima kama zimealikwa juu. Ikawateremsha mpaka stesheni, jengo refu jeupe lililotulia mbele ya mteremko. "Reli imeishia hapo," ilisema. "Waliojenga walikuta maji. Mimi nikikaa hapa nakuwaza wewe, maana na mimi nimefika mwisho wa kutafuta." Bi Mwanaamina akakohoa, akatazama dirishani. Wakafika Kibirizi, dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa, harufu imejaa gari, wanawake wanaitana kwa Kiha na Kiswahili cha Kongo. Kila kona waliyokata, ziwa liliwachungulia, na kila lilipowachungulia Shadia aliona alichokaribia kukitupa kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Ujumbe wa mwisho uliwapandisha mlima wa Bangwe. "Simama hapo, mpenzi. Upande wa pili ni Kongo. Sina la kuongeza. Tazama tu, kisha unipigie."

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Alasiri ilikuwa inakaribia na Ujiji walikuwa wanangojwa. Shadia akashuka, akaifungua ile namba, akapiga.

"Badru."

"Namba hii ilinifungia mlango."

"Nimeufungua. Siku ile sokoni, ulikuwa unampisha mama?"

"Wewe ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unatuonea haya."

"Shadia, mimi nimelelewa Mabamba. Nilipomwona mama yako, miguu ilitoka njiani kabla ya akili. Uliponifungia, nilidhani amenikataa kwa kuwa nilichelewa kugeuka, na yale maneno ya haya ni kisingizio tu."

Shadia akacheka na machozi yakamtoka pamoja. "Nisamehe. Mimi ni mtu wa Tanga, nilihukumu nisichokijua. Nakupenda, Badru, na leo wanakwenda kunitoa kwa mwingine."

"Uko wapi?"

"Bangwe. Nimeifuata sauti yako."

"Uko na nani?"

"Na mama."

"Sasa nitakujaje?"

Bi Mwanaamina, ambaye alijifanya hasikii, alishuka garini, akatandika kanga juu ya jiwe, akakaa amelielekea ziwa. "Mwambie aje. Mimi natazama Kongo."

Bodaboda ikapanda mlima haraka kuliko inavyofaa. Badru akashuka, akasimama nyuma ya Noah, mgongo kwao, jasho limemlowesha shati. Shadia akawa katikati, baina ya migongo miwili ya watu anaowapenda.

"Mwulize mama," Badru alisema, "kama naweza kuleta wazee wangu."

"Sijasikia kitu," Bi Mwanaamina aliliambia ziwa. "Amesemaje?"

"Anauliza kama anaweza kuleta wazee."

"Na wewe je? Juzi uliniambia nifanye ninavyotaka."

"Nilisema kwa hasira, mama. Namtaka huyu. Ukinipa Saady nitakaa naye, lakini nitakuwa nimekufa nikiwa natembea."

Upepo ulipeperusha ncha ya buibui la Bi Mwanaamina. "Yule mama wa ndizi alinitia aibu leo," alisema mwishowe. "Kijana aliniheshimu, nami nikamwita paka." Akasimama, akakung'uta kanga. "Ujiji tutakwenda. Binamu yangu nilimtia tamaa mimi, na aibu ya kumwambia hapana nitaibeba mimi."

"Mama."

"Mwambie mwenzako alete wazee. Siku hiyo baba yako na ami zako watawapokea sebuleni. Mimi nitakuwa jikoni, wala sitachungulia."

Badru alisikia kila neno kwa masikio yake mwenyewe. Lakini hakugeuka. Alisimama palepale nyuma ya gari, kofia mkononi, akimngoja Shadia aje amwambie.