Gauni Lisilo na Zipu

Kila asubuhi Fundi hufungua dirisha la chumba cha mbele kabla ya kufungua mlango. Huipangusa cherehani, huitia tone la mafuta, halafu hukaa. Zamani alikuwa hana nafasi ya kukaa. Wateja walimkuta na pini mdomoni, akaitikia salamu kwa nyusi. Siku hizi anaweza kuitikia kwa mdomo mzima, maana pini hakuna, na wa kumsalimia hakuna vilevile.

Watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Wachache wanaotaka kushonewa huvuka barabara, huenda kwenye duka lenye mapicha makubwa ya kung'aa.

Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori. Mgongo ulipoharibika, kampuni ilimwambia apumzike, na tangu hapo amepumzika mpaka amechoka. Hushinda kwenye kiti cha wateja, simu mkononi. Fundi humwita Mzee, ingawa hajazeeka.

"Mke wangu, njoo uone," Mzee alimwita siku moja. "Nimepata programu ya akili bandia. Unaiandikia unachotaka, inakuchorea picha."

"Umeiandikia nini?"

"Gauni la harusi, jeupe, la kubana kiunoni, mishono isionekane hata mmoja. Si ndivyo unavyojisifu, kwamba mshono wako hauonekani?"

Fundi akatazama. Msichana mrembo amegeuka nusu, mgongo unaonekana. Gauni limemkaa mwilini bila mkunjo, na kuanzia magotini linatiririka mpaka chini. Ungeapa ni mtu wa kweli.

"Hili nimelishona lini?"

"Utalishona. Hili ni tangazo tu, mama."

Hapo ndipo alipopaswa kukataa. Hakukataa. Alicheka, na ukweli ni kwamba lilimpendeza. Mzee akaichapisha picha kubwa, akaibandika mlangoni. Akaisambaza kwenye makundi ya simu na maneno haya: Kazi ya mikono ya mke wangu.

Haukupita muda, akaja muuguzi kijana pamoja na shangazi yake. Muuguzi alikuwa anaolewa. Hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Nataka hili hili," akasema, kidole kikiwa juu ya picha. "Sitaki zipu. Sitaki vifungo. Kama lilivyo."

Fundi akaitazama tena picha, safari hii kwa jicho la kazi. Mgongoni hakuna zipu. Ubavuni hakuna kifungo. Kiuno chembamba kama shingo ya chupa. Sasa huyu msichana aliingilia wapi? Lakini Mzee alikuwa amesimama pale, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mgongo umwangushe.

"Litakuwa tayari," Fundi akasema.

Kazi ikaanza, na mateso yakaanza nayo. Kitambaa cha kuvutika kilibana vizuri, lakini hakikutiririka. Kitambaa kizito kilitiririka, lakini hakikubana. Akaviunganisha, mshono ukaonekana. Alipojaribu kuacha gauni bila mwanya, mabega ya mtu hayakupita kiunoni, usukume usisukume. Mwisho akaweka zipu nyembamba chini ya kwapa. Lilikuwa gauni zuri. Mtu yeyote mwenye haki angesema hivyo.

Siku ya kujaribu, bibi harusi alijitazama kwenye kioo. Akatazama simu. Akarudi kwenye kioo.

"Hili silo."

"Ni zuri, mwanangu. Tazama pindo lake, tazama..."

"Silo! Nimeshawatumia wenzangu wote picha. Wote wanalingoja lile." Akajifunika uso, akalia kama aliyefiwa.

Shangazi mtu akamgeukia Fundi. "Sema kweli. Lile la pichani, uliwahi kulishona?"

Fundi akatazama sakafu. "Hapana."

"Basi mlituuzia hewa."

Wakaliacha gauni juu ya meza. Muuguzi aliolewa na gauni la kuazima, limempwaya mabegani. Habari zikaenea. Hata waliokuwa wakileta suruali za kupunguza miguu wakawa wanapita upande wa pili. Fundi alikaa mbele ya cherehani, mkono shavuni, akiwaona wakipita.

"Umenichafulia jina," alimwambia mumewe.

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi." Fundi aliamini kwamba hakuna atakayeziamini tena mikono yake.

Aliyeingia siku hizo alikuwa mmoja tu, jirani yao mpiga picha, aliyekuwa mbioni kufunga studio yake. Mtaa mzima humwita Tabasamu, kwa sababu ya neno lake la kazini. Mwenyewe si mtu wa kutabasamu. Alileta suruali ishonwe, akaiona ile picha ingali mlangoni.

"Bado mmeibandika?"

"Sina nguvu hata ya kuibandua," Fundi akasema. "Hebu niambie, jirani. Mashine ilitudanganya kwa nini?"

"Haikudanganya. Haijui kitu." Tabasamu akavuta kiti. "Imeonyeshwa mamilioni ya picha. Ukiiomba, inatengeneza picha inayofanana na hizo. Lakini haijawahi kushika kitambaa wala kuvaa nguo. Ukiiambia mishono isionekane, inafuta mishono, vifungo na zipu. Haijui kwamba mtu lazima apate pa kuingilia."

Mzee akainua kichwa. "Kwa hiyo tuiache?"

"Si lazima. Ila kitu unachouza kisichorwe na mashine. Hicho kipige picha mwenyewe, kilivyo. Kiweke karibu na dirisha, mchana, mwanga utoke ubavuni. Ukitaka, mashine ikubadilishie ukuta wa nyuma, basi. Kisha kagua. Inapenda kugusa isipotumwa. Kifungo kimepotea? Rangi imebadilika? Mkono una vidole sita? Kama ndivyo, itupe picha hiyo."

"Na huyu msichana wa pichani?" Fundi akauliza.

"Hayupo duniani, ni wa kuchorwa tu. Lakini ukitumia sura ya mteja wako, mwombe ruhusa kwanza. Na popote mashine ilipoweka mkono, andika. Mteja akijua, hana pa kukulaumu."

Fundi akamtazama. "Mambo yote haya unayajua. Mbona unafunga studio?"

Tabasamu akacheka bila raha. "Kwa sababu kila mtaa sasa una mume mwenye simu."

Mzee akainamisha kichwa. Fundi aliipokea suruali, akaishona pale pale, na huo ndio msaada pekee aliokuwa nao.

Tabasamu alipoondoka, Mzee aliibandua ile picha. Kwenye makundi yale yale ya simu akaandika: Gauni nililowaonyesha halikushonwa na mke wangu. Lilichorwa na mashine. Kosa ni langu.

Fundi mwenyewe alikwenda zahanati kumwomba muuguzi radhi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, Fundi," akasema. "Lakini siku ile hairudi." Akaenda kumhudumia mgonjwa. Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakuona alipokuwa akikanyaga.

Gauni lililokataliwa wakalivisha sanamu ya dukani, wakaliweka karibu na dirisha. Mzee akalipiga picha. Mashine ikaondoa pasi na vitambaa vilivyorundikana nyuma, ikaweka ukuta mtupu. Mara ya kwanza ikafuta na zipu. Mzee akaitupa picha hiyo, akajaribu tena mpaka zipu ikabaki. Chini akaandika: Gauni limeshonwa hapa. Ukuta umetengenezwa na akili bandia.

Picha haikuvutia kama ile ya kwanza. Watu waliitazama, wakapita. Fundi akaanza kuzoea.

Mwishowe akaja mwalimu mmoja, mwanamke mnene, bega lake la kulia limekakamaa. Akatoa simu.

"Binti yangu kanichorea hili kwenye simu. Nilivae siku ya mahafali yake."

Fundi akaitazama picha. Gauni la buluu, refu, la kubana. Halina zipu. Halina kifungo. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, akimtazama mkewe. Tangu muuguzi aondoke, huyu alikuwa mteja wa kwanza kuulizia gauni.

"Hili siwezi," Fundi akasema. "Wala hakuna fundi anayeweza. Halina pa kuingilia."

Mwalimu akaizima simu, akashika mkoba wake. Fundi akatazama mlango, akingoja kumwona akitoka kama wengine.

Kumbe akaikaribia sanamu. Kwa mkono wake mzima akaifungua ile zipu ya ubavuni, akaifunga, akaifungua tena.

"Nguo za madukani siwezi kuzivaa peke yangu," akasema. "Zipu zake ziko mgongoni, na bega halinyanyuki. Hii ningeweza." Akaweka mkoba chini. "Haya, chukua futi unipime."

Fundi akatia pini mdomoni, akaitikia kwa nyusi tu, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.