Debe la Maji ya Moto

"Limewashwa leo?"

Kibwana aliuliza huku kiganja chake kimetulia juu ya boneti ya pikapu. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka pale Masuguru, Korogwe, na umande ulikuwa bado haujakauka kwenye vyuma. Mwenye gari, Mzee Hiza, alikuwa amesimama barazani akijifanya hana haraka na mtu. Lakini Kibwana hakumwuliza mzee. Alimwuliza Zamda, binti wa mzee, mchumba wake.

"Halijawashwa tangu jana adhuhuri," Zamda akajibu.

"Mbona nahisi kama kauvuguvugu?"

"Mikono yako ndiyo ya baridi. Umetembea kwa miguu tangu stendi."

Kibwana akacheka. Mwanamume akipenda, hata mikono yake mwenyewe huacha kuiamini. Akaingia ndani ya gari, akapiga stata. Likawaka papo hapo, bila kukohoa.

"Mzee," alisema akishuka, "nalichukua."

Zamda akaingia ndani haraka. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na debe tupu ambalo bado lilikuwa linatoa mvuke.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Kibwana alikuwa ametumwa na kijiji cha ujamaa cha Kang'ata, kule Handeni. Watu walikuwa wamehamishwa na operesheni, wakapangwa kwa mistari mahali ambapo maji yako mbali na hospitali iko mbali zaidi. Wakalima pamba kwa pamoja, wakakubaliana fedha yake inunue pikapu ya dizeli, hata kama imetumika, ili ivute tela la mapipa ya maji na kubeba wagonjwa. Kibwana aliwahi kuendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge, basi wakamwambia nenda ukatuchagulie.

Korogwe alikuta magari mawili. Moja liko Ngombezi, rangi imebabuka na mlango umefungwa kwa waya. La pili ni la Mzee Hiza, linang'aa, limezoea kushusha kabichi kutoka Lushoto. Na huyo mzee alikuwa ameshatamka mbele ya binti yake:

"Gari likiuzwa, nitakaa hapa mjini, na wewe nitakuoza kwa Kibwana. Lisipouzwa, tunarudi wote mlimani Lushoto. Kule kuna mtu ameshaleta posa."

Siku moja kabla ya lile jaribio, Kibwana na Zamda walikaa nyuma ya nyumba, naye Kibwana akamweleza kila kitu, kama wapenzi wanavyoelezana.

"Dizeli usiitazame rangi," alisema. "Injini ikiwa na moto, hata mbovu huwaka. Mimi naiendea alfajiri, ikiwa imelala baridi usiku kucha. Ikiwaka yenyewe, hiyo itavuta tela. Isipowaka, ndani imekwisha. La Ngombezi nimelijaribu leo alfajiri, limewaka."

"Na la baba lisipowaka?"

"Nitachukua la Ngombezi."

"Na mimi?"



"Fedha si yangu, Zamda. Ni jasho la kijiji kizima. Siwezi kuwanunulia watu baba mkwe."

Usiku ule Zamda hakupata usingizi. Alikuwa amemwona baba yake asubuhi nyingi akimwaga maji baridi ya rejeta na kutia ya moto, ndipo gari likubali kwenda kwenye kabichi. Kulipokaribia kucha alibandika debe jikoni. Mzee Hiza alitoka, akamwona ameinama kwenye gari, akageuza uso na kwenda kutawadha.

Ndivyo Zamda alivyopata mume.

Harusi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Bibi harusi alipelekwa Kang'ata akiwa amekaa mbele ndani ya pikapu ileile, na wanawake wakaipigia vigelegele kuliko walivyompigia yeye. Wifi yake, Mwaija, dada yake Kibwana, ndiye aliyemshika mkono.

"Wifi, umetuletea gari," alimwambia. "Tumbo hili likikua, sitabebwa kwenye machela mimi."

Zamda akainamisha kichwa. Watu wakasema ana haya, ameleleka vizuri.

Basi gari likawa gari la asubuhi ngumu. Kibwana akaanza kulilaza mteremkoni nyuma ya nyumba yake, ili kukicha aliachie, lishuke, liwake lenyewe. Likishawaka lilivuta mapipa ya maji, ingawa kwa kulalamika na moshi mwingi.

"Betri hii," alikuwa akisema. "Nikibadilisha betri, litakuwa zima."

"Labda betri," Zamda alikuwa akijibu.

Alitaka kusema. Kila alipomwona mumewe ameinama chini ya boneti, alijiambia leo, halafu leo ikapita.

Ikafika jioni moja, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mdoe, akaja nyumbani.

"Kibwana, gari leo lilale ofisini. Watu wanapakia mahindi alfajiri, na tela limeshafungwa."

"Pale ni tambarare, mzee."

"Tutasukuma. Watu si wapo?"

Kumbe usiku huohuo uchungu ulimshika Mwaija. Kulipoanza kupambazuka mkunga alitoka nje na kusema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Wakamlaza juu ya godoro nyuma ya pikapu. Kibwana akapiga stata. Injini ikakohoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akapiga tena, ikanyamaza tena.

"Fungueni tela. Sukumeni."

Wakasukuma. Mchanga ulikuwa mwingi, na gari lilikuwa zito. Wakasukuma mpaka pumzi zikawaishia, na Mwaija akawa hana tena nguvu ya kulia.

"Kaka," aliita, "siendi?"

"Unakwenda, dada. Tulia."

Zamda alikuwa amesimama pembeni, ameshika khanga yake kwa mikono miwili. Hapo ofisini paliwashwa moto, na debe la maji ya uji wa wapakiaji lilikuwa linachemka. Alijua akiligusa, ndoa yake imekwisha. Alijua pia asipoligusa, wifi yake atafia pale. Akalibeba, maji yakimrukia mikononi, na hakusikia kama yanaunguza.

"Kibwana, fungua rejeta."

"Ya nini?"

"Mwaga maji ya baridi, tia haya. Litawaka."

"Nani kakwambia?"

"Fungua kwanza. Mwaija anakufa."

Alifungua. Maji ya moto yakaingia, wakangoja kidogo, naye akapiga stata. Likawaka papo hapo, bila kukohoa, kama lilivyowaka Masuguru. Kibwana alimtazama mkewe kupitia dirisha. Akatia gea, wakaondoka.

Mwaija alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume, na daktari alisema mngewahi kidogo tu.

Kibwana alirudi baada ya maziko. Alimkuta Zamda ukumbini, mikono imefungwa vitambaa. Akakaa mbali naye.

"Nilikuuliza wewe," alisema. "Sikumwuliza baba yako. Baba yako ni mfanyabiashara, angenidanganya ningemwelewa."

"Nilisema halijawashwa. Halikuwa limewashwa."

"Zamda, usinifanyie hivyo."

Zamda akalia. "Nisamehe. Niliogopa kuozwa mlimani. Sikufikiri habari ya maji, wala ya wagonjwa, wala ya mtu yeyote. Nilikufikiria wewe tu."

"Na baadaye? Miezi yote hii unaniona nahangaika na betri?"

"Niliogopa utaniacha."

"Ungesema, ningeliegesha ofisini na maji yakiwa tayari. Mwaija angewahi."

Zamda akavifunika vitambaa vya mikono yake kwa khanga.

"Umewaambia watu?" aliuliza mwishowe.

"Kamati nimewaambia kosa ni langu, nilichagua vibaya. Jina lako sikulitaja. Udereva nimewarudishia wenyewe." Akasimama. "Talaka sijakupa. Lakini chakula chako hakinipiti. Kesho nimeomba gari mara ya mwisho, nikupeleke kwa baba yako."

Asubuhi yake Zamda alikuwa amefunga mzigo wake mdogo. Mwaija alikuja kwa shida, amejishika ukuta, ziwa linamvuja na mwana hana. Walitazamana.

"Wifi," alisema Mwaija, "nimekuchukia, sikufichi. Lakini nilikuwa nyuma ya gari pale, nikakuona umebeba lile debe. Ungeweza kuniacha nife na siri yako."

Akamgusa begani, akarudi kwake polepole.

Gari lilikuwa limelala ofisini. Kibwana alipiga stata, likanyamaza. Akapiga tena. Akakaa pale usukani, ameinamisha kichwa, kisha akashuka na kusema bila kumtazama:

"Chemsha maji."

Zamda akawasha moto. Akabandika debe la maji yatakayomwondoa. Kuni zilikuwa kavu, zikashika upesi kuliko alivyotaka. Alichutama pale, na akakumbuka moto mwingine, wa Masuguru, alivyouharakisha kwa kuupuliza mpaka macho yakamwuma. Huu hakuupuliza. Ukawaka tu wenyewe, na maji yakaanza kuimba, kisha yakatokota.

Kibwana alikuwa amempa mgongo, ameegemea boneti.

"Yamechemka?" aliuliza.

Zamda alitazama debe. Angesema bado, angepata muda kidogo wa kumwangalia yule mgongo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama lile la kwanza.

"Yamechemka," alisema, na sauti ikamkatika.

Kibwana akageuka. Akaona mvuke umejaa, akaona maji yanaruka juu ya debe. Akamwona mkewe amesimama na vitambaa vyake mikononi, mzigo wake miguuni, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Alikuja mpaka pale motoni. Akachutama, akavuta kuni moja nje ya mafiga, kisha nyingine.

"Kibwana, hutii maji?"

"Yaache yapoe," alisema.

Wakakaa palepale, wote wawili, mpaka moto ukazimika.