Ufunguo wa Chumba cha Eksirei

Asubuhi ile fundi cherehani alipanda kwenye kigoda kutoa kitambaa juu ya kabati. Kigoda kikateleza, akaangukia nyonga. Maumivu yalimkata, lakini mkono wake ulikwenda kwanza tumboni.

Hakuna aliyejua. Mimba mbili zilikwisha kuharibika, na safari hii aliapa kufunga mdomo mpaka mwezi wa nne, hata kwa mumewe.

Mume alikuwa mtu wa jenereta pale zahanati. Mtaalamu wa mionzi alikuja Jumanne na Ijumaa tu. Siku nyingine mume ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha eksirei, na kwa kuchungulia-chungulia alijifunza kubonyeza kitufe cha mashine. Watu wakamwita Fundi Picha, kichwa kikamvimba.

"Twende nikupige picha," alisema. "Dakika mbili tu."

"Leo Jumatatu."

"Kwani mashine inajua siku?"

Siku nyingine mke angecheka. Sasa alilala juu ya meza baridi ya eksirei. Akisema, na mimba ikatoka tena, atamtazamaje mumewe? Asiposema, je, mtoto? Mume alikwisha kwenda nyuma ya ukuta.

"Usipumue!" mume aliita.

"Ngoja!" mke alipiga kelele. "Nina mimba!"

Mume alitoka, uso umemshuka. Muuguzi, jirani yao, aliingia mbio. Alipoelewa, alizima mashine kwanza.

"Shemeji, ulimuuliza?"

"Ni mke wangu. Ningejua."

"Haya, hukujua. Na wale wengine uliowapiga, uliwauliza?"

Mume aliketi sakafuni.

"Mionzi haionekani wala hainuki," muuguzi alisema. "Ikitumiwa vizuri inasaidia sana. Ikitumiwa ovyo inadhuru. Ndiyo maana sheria inataka mtu aliyesomea, mwenye leseni. Huyo anajua kiasi cha kutumia. Anauliza habari za mimba. Hapigi picha mpaka tabibu aandike kwamba inahitajika."

Akamgeukia mke. "Na wewe shoga yangu, ukiingia humu, sema una mimba hata kama hukuulizwa. Tena uliza anayepiga ni nani. Si utovu wa adabu."

Kisha tabibu wa zahanati aliibonyeza nyonga, akaukunja mguu, akaunyoosha. Mfupa ulikuwa mzima, misuli tu ndiyo iliyoumia. Picha haikuhitajika kabisa.

Jioni mume hakugusa chakula. "Nilibakiza kubonyeza kitufe tu," alisema, akalia. Kesho yake alimkabidhi mtaalamu ufunguo, akamweleza yote bila kuficha.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya wasiwasi. Kila tumbo lilipomkaza kidogo, mke aliogopa. Mwezi wa tisa akajifungua binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Siku ya chanjo, mzee mmoja mwenye mkono uliovimba aliwaona mlangoni pa zahanati.

"Fundi Picha! Nifanyie hima, baba. Mtaalamu ni mpaka kesho."

"Mzee wangu, anza kwa tabibu, yumo ndani. Ukiwa umevunjika, watakupeleka hospitali kubwa leo hii. Mimi ni mtu wa jenereta."

"Umekuwa mwoga siku hizi?"

"Sana," mume alijibu. Akampokea mtoto kwa mkewe, akamshika mzee mkono usiovimba, akampeleka kwa tabibu.