Hasi Mbili Katika Kila Daftari

Kila asubuhi Kimya aliamka, akatandika kitanda, akawasha redio. Mtangazaji aliposema, "Habari za asubuhi, msikilizaji," naye alimjibu, "Nzuri," kwa sauti kabisa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemuuliza. Baba yake, fundi wa vioo, alikuwa ameshakwenda karakana. Jioni angerudi na plasta vidoleni, amechoka, aseme, "Mwanangu, shule vipi?" kisha asinzie kabla ya kupata jibu.

Walikuwa wamehamia mji huo muhula uliopita. Darasani hakuna aliyejishughulisha na jina lake. Walimwita Kimya, naye akaitika. Alikaa peke yake dawati la nyuma, karibu na mafagio. Wakati wa mapumziko aliuzunguka uwanja kwa haraka kama mtu mwenye safari, ili wenzake wasijue kwamba hana pa kwenda.

Kisha wakagundua kuwa anajua hesabu. Kiranja, msichana aliyeongoza darasa kwa sauti kuliko kwa bidii, alichungulia daftari lake siku moja akasema, "Kumbe una kichwa! Njoo ukae na sisi mbele." Tangu hapo Kimya alikaa kati ya Kiranja na Shoto, msichana aliyeandika kwa mkono wa kushoto na kumgonga kiwiko kila mstari. Hata kiwiko hicho alikifurahia. Kila siku alifika mapema na majibu, nao wakanakili, na kutoka kwao darasa zima likanakili.

Siku moja mwalimu wa hesabu alitoa mlinganyo huu:

√(x + 6) = x

Aliwaagiza walirudishe kila jibu walilopata katika mlinganyo, na jibu likikubali ndipo waandike "Nimehakiki."

Kimya aliifanya kazi hiyo asubuhi, redio ikisema. Ili aondoe alama ya kipeuo, alizidisha kila upande kwa wenyewe, akapata x + 6 = x². Akaendelea vizuri mpaka akafikia majibu mawili: 3 na −2. Kulibaki kuhakiki tu. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na akichelewa, Kiranja angemtafuta mwingine. Akaandika "Nimehakiki," akapiga mstari chini yake kwa rula, akatoka mbio.

Mwalimu alipoyapitia madaftari, uso ulimbadilika.

"Darasa zima mmehakiki?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

"Vizuri. Kiranja, njoo ubaoni utuhakikie hasi mbili."

Kiranja akashika chaki kwa madaha. "Hasi mbili jumlisha sita ni nne. Kipeuo cha pili cha nne ni mbili."

"Na upande wa pili wa mlinganyo kuna nini?"

"Hasi mbili."

"Kwa hiyo mbili ni sawa na hasi mbili?"

Kiranja akajikuna shingo. "Zinakaribiana, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Jaribu tatu. Tatu jumlisha sita ni tisa, kipeuo chake tatu. Tatu ni tatu, limekubali. Jibu ni moja tu. Sasa hii hasi mbili imeingiaje katika kila daftari? Nani aliyeiandika kwanza?"

Kiranja alirudi kukaa, akanong'ona bila kugeuza shingo, "Ukifungua mdomo, urudi kwenye mafagio yako."

Kimya alijua: akinyamaza, dawati litabaki lake. Akisema, hatakuwa na mtu tena. Akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Na sikuhakiki. Niliandika tu."

"Kumbe anaongea!" mtu akasema nyuma.

"Ametuponza, huyo!"

Kipindi kilipoisha, begi lake lilikuwa limeshatupwa sakafuni. Akaliokota, akaenda nalo nyuma.

Mwalimu alimwita Kimya wengine walipotoka. "Hatua zako zote ni sahihi," alimwambia. "Ila ulipozidisha kila upande kwa wenyewe, ulifungua mlango. Mbili na hasi mbili, kila moja ukiizidisha kwa yenyewe, utapata nne, na tofauti yao haionekani tena. Hapo ndipo mgeni huingia. Kwa hiyo tunarudi kwenye swali kama lilivyokuwa kabla hatujaligusa. Jibu likikataa huko, si jibu, hata kama ulilitolea jasho."

"Sasa nimebaki peke yangu, Mwalimu."

"Najua. Na sitakudanganya kwamba kesho watakushangilia. Lakini kukosea si kosa lako kubwa. Kosa ni kuapia kitu usichokiangalia. Leo umelisahihisha mbele ya watu, na hiyo ni kazi ngumu kuliko hesabu."

Njiani Kimya aliyatafakari maneno yale: kabla hatujaligusa. Kabla ya majibu, Kiranja alikuwa nani kwake? Alikuwa amekwepa kujiuliza, kama alivyoikwepa hasi mbili.

Kesho yake alisimama mbele ya lile dawati la Kiranja. "Leo sitoi majibu," alisema. "Asiyeelewa, nitamweleza."

Kiranja akaangalia dirishani. Mvulana wa dawati la jirani akainama kufunga kamba za kiatu kilichofungwa tayari. Kimya akageuka, akaenda kukaa nyuma, akatazama ukuta.

"Sogea basi, we! Au dawati umelinunua?"

Alikuwa Shoto, begi begani. "Na usinipe jibu. Jana niliicheka ile 'zinakaribiana' mpaka machozi, na kusema kweli hata mimi sikujua kwa nini ni kosa."

Kimya alifungua ukurasa mpya na kuanza kueleza, sauti ikikwama, kisha ikanyooka. Hawakumwona mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Malizeni mstari huo," mwalimu alisema, kisha akaligeukia darasa. "Nanyi sikieni. Jibu la kunakili si lenu mpaka mmelijaribu kwa mikono yenu. Na kazi usiyoifanya, usiseme umeifanya."

Shoto hakuinua kichwa. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. "Tisa... kipeuo chake tatu... Kimya, limekubali!"