Mlango wa Maabara ya Leza

"Chagua! Mimi au hiyo taa yako!"

Seremala aliyasema hayo mlangoni mwa maabara, mchana kweupe. Shangazi yake alikuwa nyumbani tangu asubuhi, kajipamba, akimngoja huyo mchumba aje kutambulishwa, kwa mara ya tatu.

"Nipe saa moja tu, mpenzi," mchumba wake, mtafiti, alinong'ona. "Leo leza imetulia. Wiki tatu nangoja chembe mbili ziachane nizipige picha."

"Basi tupige picha na sisi, tunaachana!"

Akaondoka, akaubamiza mlango. Pwaa!

Ndani likatoka yowe. Seremala akarudi mbio, akamkuta mchumba wake ameketi sakafuni, machozi yanamchuruzika chini ya miwani ya kinga.

"Umeumia?"

"Vaa miwani kwanza!" Akamrushia nyingine. "Kioo kimesogea. Leza hii inawaka na kuzima kabla kope lako halijaamua kushuka. Sasa miali haikutani tena."

"Kimesogea kiasi gani?"

"Chini ya unene wa unywele."

Mtu mwingine angecheka. Seremala, ambaye aliwahi kulivunja kabati zima kwa sababu droo moja ilikwaruza, alikunja uso kama aliyefiwa.

"Na huu mlango?"

"Hata upepo huubamiza. Tumeandika barua nne, hakuna fundi aliyekuja."

Seremala akachomoa bisibisi mfukoni.

"Ole wako ugonge kitu!"

"Sigongi, mama. Hata kukohoa nimeacha."

Kwa saa mbili, yeye alikaza bawaba na kubandika vipande vya sponji kwenye fremu, mwenzake akizungusha skrubu za kioo huku amebana pumzi. Hawakusemeshana. Mwezi mzima hawakuwa wameelewana vizuri namna hiyo.

Mlango ukafungwa, kimya.

"Imerudi!" mtafiti akasema. "Miali imekutana!"

Simu ya seremala ikatetemeka.

"We mtoto, mkwe wangu yuko wapi?"

"Kosa langu, shangazi. Nimemharibia kazi, halafu nikamtishia kumwacha."

"Lo! Na yeye kakuacha?"

Seremala akamtazama mchumba wake. Mchumba akafikiri kidogo, kwa makusudi, kisha akatikisa kichwa.

"Hajaniacha, shangazi."

"Basi kaeni hukohuko, nakuja mimi. Chumba kina kiti?"

"Kipo kimoja. Ila ukishakaa, shangazi, usijitingishe."