Maji Yaliyolala Bombani

"Mchele umeingia chumvi," ilisema sauti kwenye simu.

Kasmiri akafumba macho. Alikuwa stendi ya Ifakara, mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya basi la Morogoro.

"Mkuu, mimi niko likizo."

"Ulikuwa," alijibu Bernadetha, mkuu wake wa idara.

Simu ikakatwa.

Akashusha mguu. Kondakta akamuuliza kama anasafiri au amekuja kupima ngazi. Likizo ya tatu hiyo inamfia mikononi, na goti la kushoto lilianza kuuma kabla hata hajajua anapelekwa wapi. Jamani, ukachero gani huu usio na mwisho?

Kwa lugha ya idara, mchele ukiingia chumvi maana yake ni moja: kuna wageni wanachezea maji ya bonde.

Agnetha alikuwa akimsubiri ndani ya Land Cruiser nyuma ya soko la mchele. Mtaalamu wa maji ya ardhini, mwanamke mfupi, anayeongea haraka. Yeye ndiye aliyeipigia idara.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nieleze taratibu, sijalala vizuri."

Agnetha akafungua laptop juu ya magoti.

"Pale kijijini Mbingu tuna kisima cha uangalizi. Si cha kunywa. Ni bomba jembamba limezamishwa ardhini, juu lina kifuniko na kufuli. Ndani kinaning'inia kifaa chenye laini ya simu. Kinapima maji yako kina gani na yana chumvi kiasi gani, halafu kinanitumia ofisini."

"Na?"

"Chumvi imepanda vibaya sana. Lakini tazama mstari huu wa kina. Kila chumvi inapopanda, maji yanaruka juu ghafla, kisha yanashuka. Mchana, jua kali, mvua hata tone hakuna. Maji ya ardhini hayana tabia hiyo. Kuna mtu anamimina."

Kasmiri akautazama ule mstari. Uliruka, ukashuka, ukaruka tena.

"Anafaidika nani?"

"Kampuni inayojiita Bonde Jipya. Msemaji wao ni mgeni mmoja, Kessler. Anasema chumvi inapanda kutoka chini, kwa hiyo Mbingu haifai tena kukaa watu. Wao wamejitolea kuichukua ardhi yote 'waitibu'. Watu wameshazuiwa kupanda mpunga, na msimu ndio huu! Kesho kamati inakuja kuchukua sampuli ya mwisho. Ikikutwa chumvi, kijiji kinahama."

"Si uwaonyeshe huu mstari?"

"Niliwaonyesha. Kessler akasema kifaa changu ni kibovu kwenye kina, ila kwenye chumvi ni kizima. Wakamwelewa!"

Kasmiri akacheka bila furaha. Ujanani alifukuzana na magendo ya silaha kwenye maziwa. Leo anatumwa kulinda bomba.

"Haya. Twende tukalinde bomba."

*

Kule Mbingu Kasmiri alijifanya fundi baiskeli. Akatandika gunia kando ya barabara ya Mlimba, akapanga spana na viraka, akaketi. Bastola yake, Glock, ilikuwa chini ya tairi kuukuu. Darubini ndogo aina ya Nikon ilikuwa ndani ya boksi la nati za baiskeli. Bomba lilikuwa ng'ambo ya shamba la bibi mmoja, Justa, likionekana vizuri.

Justa mwenyewe alikuja na baiskeli ya Phoenix isiyo na breki. Bibi mkavu, mrefu, kanga imefungwa kiunoni kikazi ingawa kazi hakuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee breki. Nikihamishwa, angalau nihame nikijua kusimama."

Kasmiri akapindua baiskeli.

"Maji yenu yana chumvi kweli?"

"Chumvi ya wapi! Nimekunywa kisima changu tangu nimeolewa. Lakini cha kwangu hakina kufuli la serikali, kwa hiyo hakisikilizwi." Akatazama shamba lake jeusi, lililolimwa likaachwa. "Mbegu ziko ndani. Ardhi imelainika hivi, halafu mtu anakwambia usipande. Usiku nasikia vyura wanaimba, naona kama wananizomea. Naumia, mwanangu. Naumia kweli."

Kasmiri akainamia gurudumu. Akakaza nati.

Alasiri mchungaji akatokea.

Ng'ombe wachache. Fimbo. Shuka begani. Mfuko wa chumvi ya mifugo mgongoni na dumu mkononi. Bondeni hakuna anayemuuliza mfugaji chumvi ya nini. Ni kama kumuuliza mvuvi nyavu za nini.

Kasmiri akainua darubini. Ng'ombe walikwenda kulia, mchungaji akaenda kushoto. Akapiga goti penye bomba, akatoa ufunguo, akafungua kufuli. Dumu likainama.

Simu ya Kasmiri ikatetemeka. Agnetha.

"Afande! Maji yameruka!"

"Namwona."

Alimwacha afunge kufuli. Kisha akachomeka bastola kiunoni, akajikokota kupitia shambani, goti likimlaani kila hatua. Labda ni mfugaji kweli aliyelipwa, maskini. Kasmiri alikuwa amekaa Shinyanga miaka mingi, na Wasukuma, wafugaji wengi wa bonde hili, anawajua. Akaamua kumsalimia kwanza kwa Kisukuma, salamu ya alasiri.

"Mwadila!"

Yule mtu akatabasamu. Akaitikia kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi aliyekariri:

"Mwangaluka, baba!"

Kasmiri akasimama.

Mwangaluka. Salamu ya asubuhi. Jua limeshapinda, kuku wanatafuta pa kulala, huyu anamwamkia.

"Ng'ombe ni wako, kaka yangu, au umeazima?"

Tabasamu likafa. Dumu likaruka. Jamaa akatimua mbio.

"Ah, jamani," Kasmiri alisema. "Kukimbia tena?"

Nyuma ya matete kulikuwa na pikipiki aina ya Boxer. Ikanguruma. Ikatoka na kupita katikati ya jaruba la mpunga, matope yakiruka. Kasmiri akageuka. Pale barabarani Phoenix ya Justa ilikuwa bado imepinduliwa, magurudumu juu.

Akairudia, akaisimamisha. Akapanda. Akakanyaga.

"Baiskeli yangu!" Justa alipiga kelele.

Kasmiri alipita juu ya tuta, pale penye udongo mkavu. Jamaa alipita majarubani kwa sababu alikuwa na injini na hakujua udongo wa Kilombero. Udongo huu hauangalii injini. Boxer ikaenda, ikapiga kelele, ikazama. Gurudumu likazunguka mahali pamoja.

Kasmiri akafika usawa wake. Akabana breki.

Breki bado hazijafungwa.

Akaruka kutoka kwenye tuta na baiskeli, akamwangukia jamaa mgongoni, wote wakazama kwenye tope mpaka masikioni. Ngumi moja ya Kasmiri ikapata shavu. Ya pili ikapata tope. Ya tatu haikuhitajika.

"Jina?"

"Beno," jamaa alihema. "Natokea Dar. Nilifundishwa salamu moja tu!"

"Ungefundishwa mbili, ningekuwa nimelala saa hizi."

Kiunoni mwa Beno redio aina ya Motorola ikakoroma.

"Mchungaji. Umemaliza?"

Lafudhi ya kigeni. Kasmiri akamwonyesha Beno bastola na redio, kwa mpangilio huo.

"Nimemaliza, bosi," Beno alisema.

"Vizuri. Kesho tunazika kijiji."

*

Kamati ilifika asubuhi kwa magari mawili. Kessler alishuka wa kwanza, kofia pana, Motorola kiunoni, Kiswahili chake kizuri kuliko cha madiwani wengi. Wanakijiji walisimama pembeni kama msibani. Beno alikuwa ndani ya Land Cruiser ya Agnetha, pingu mkononi, vioo vimepandishwa.

Ungeuliza kwa nini Kasmiri hakumtoa palepale. Kwa sababu Kessler angesema chumvi ya Beno ni tone tu juu ya chumvi ya ardhi. Maji yenyewe yalipaswa kusema.

Mwenyekiti wa kamati akachota moja kwa moja kutoka kwenye bomba. Kipima chumvi kikapanda.

"Basi," Kessler alisema kwa huzuni ya kujitengenezea. "Poleni sana, wananchi."

Mama mmoja akaanza kulia.

"Bado," Agnetha alisema. "Hayo ni maji yaliyolala bombani. Utaratibu ni kuyatoa kwanza, yaje mapya kutoka ardhini, ndipo upime."

"Mvua inakuja, barabara itafungwa. Hatuna muda wa kumwaga ndoo!"

Mwenyekiti akatazama mawingu, akatazama gari lake.

"Nachota mimi," Kasmiri alisema.

"Wewe nani?"

"Fundi baiskeli."

Akashika kamba ya kopo refu la kuchotea. Akashusha. Akavuta. Akamwaga mbali.

Kopo la kwanza lilikuwa chumvi. Lililofuata, chumvi. Kessler akatabasamu, akatazama saa. Mikono ya Kasmiri iliwaka moto, mgongo ukakakamaa. Chumvi ilikuwa imepenya mpaka kwenye udongo wa kando ya bomba, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii akaogopa. Akamwona Justa amesimama hapumui. Akavuta tena. Na tena.

Agnetha akatumbukiza kipima. Akakisoma mara mbili.

"Kimeshuka," alisema. "Vuta, afande, kinashuka!"

Akavuta mpaka kiganja kikachubuka. Agnetha akapima maji ya kisima cha Justa, akapima ya bomba, akaweka vipimo viwili mbele ya mwenyekiti. Vililingana.

Minong'ono ikapita. Kessler akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea garini.

Kasmiri akatoa redio ya Beno mfukoni, akabonyeza.

"Bosi. Mchungaji anakusalimu."

Maneno yakatoka kiunoni mwa Kessler, wazi, mbele ya kamati nzima.

Mkono wa Kessler ukaingia ndani ya koti. Glock ilikuwa imeshamfikia kifuani.

"Usinichoshe, mzee," Kasmiri alisema. "Nimeshachoka."

Mkono ukatoka mtupu. Agnetha akafungua mlango wa Land Cruiser, Beno akaanza kuongea kabla hajaulizwa.

Mwenyekiti alijikuna shingo muda mrefu. Mwishowe akasema zuio limeondolewa, barua itafuata.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wamezuiwa mara nyingi mno, hawakuweza kuamini mara moja. Justa ndiye aliyesogea, polepole, akamshika Kasmiri mkono wenye tope.

"Mwanangu, mimi sijaelewa hayo maneno ya zuio na barua. Niambie wewe. Nipande?"

Kasmiri akaelekeza kidole kwenye shamba lake jeusi.

"Panda, mama."

"Leo?"

"Leo."

Justa akamwachia mkono. Hakusema asante, hakuaga. Alishageuka, anakwenda nyumbani kwake mbiombio, akimwita jirani kwa jina, na jirani akimwita mwingine.

Kasmiri akafuta bastola kwa shati, akaichomeka kiunoni. Akatembea kuelekea barabarani akichechemea, matone ya kwanza ya mvua yakimpiga kichwani. Nyuma yake majembe yalikuwa yameanza kulia.